Jinsi ya kupiga Linux kwenye SSD ya nje ukatembea nayo, bila kuharibu Windows ya mtu

Hili swali nimelijibu mara nyingi mpaka nimechoka kuandika jibu lilelile, kwahiyo leo naliandika lote kwa pamoja, na wewe ukiulizwa mtumie mtu asome. Swali linakujaga hivi: "Kaka, naweza kuweka Linux kwenye hadi diski (hard disk) ya nje nikawa nachomeka kwenye kompyuta yoyote naendelea na kazi zangu?" Unaweza (Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo). Mimi natembea nayo mfukoni mwaka wa tatu huu, nikifika penye kompyuta nachomeka, nawasha, nakuta desktopu yangu na mafaili yangu na brauza yangu kama nilivyoviacha, nikimaliza nazima nachomoa naondoka na mwenye kompyuta anaikuta ya kwake vilevile.

Ila kuna sehemu moja ambayo karibu kila anayeanza anaivuruga, na ikivurugika anayeumia sio wewe, ni yule aliyekuazima laptopu. Mimi nilimuumiza dada yangu. Nilipiga Mint, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, kwa kutumia laptopu yake usiku, ikawaka vizuri, nikajisifu, nikachomoa diski yangu nikaenda zangu kulala. Saa moja kasoro asubuhi simu inaita: "Umeifanyia nini kompyuta yangu wewe?" Skrini nyeusi, juu kushoto pameandikwa grub> na kamstari kanapepesa, na ana kikao saa mbili. Nikamwambia andika exit alafu bonyeza Enter. Kimya... alafu nikasikia ule mlio wa Windows kwenye simu, nikapumua.

Kilichotokea ni hiki, na hii ndio nadharia pekee utakayoisoma hapa. Kompyuta ikiwaka inatafuta kwanza butiloda, yani kile kiprogramu kinachojua mfumo umekaa wapi (ya Mint inaitwa GRUB, ndio ile grub> ya dada). Kwenye mashine za sasa butiloda inakaa kwenye patisheni (kipande cha diski) ndogo inayoitwa EFI. Sasa instola ya Mint, hata uiambie wazi kabisa kwamba butiloda iweke kwenye diski ya nje, yenyewe inaenda kuiweka kwenye patisheni ya EFI ya kwanza inayoikuta, na mara nyingi hiyo ni ya diski ya ndani. Matokeo yake diski yako haina butiloda, na kompyuta ya mtu ina butiloda inayotafuta diski iliyo mfukoni mwako. Ni hitilafu ya miaka mingi, inajulikana, na dawa yake ni kuificha EFI ya ndani wakati unainstoli. Hatua ya 7 ndio hiyo, ukiiruka usinitafute.

Natumia Linux Mint toleo la 22 kwa sababu mtu aliyetoka Windows hapotei ndani yake, na itapewa apdeti mpaka 2029. Tangu Windows 10 iachwe kupewa apdeti tarehe 14 Oktoba 2025 watu wenye laptopu za zamani wananiuliza sana, na hii njia inakufaa uijaribu Linux bila kuigusa Windows yako. Na wale wa "je Windows nayo inakaa kwenye diski ya nje?", Microsoft walikuwa na kitu kinaitwa Windows To Go wakakiondoa 2020, Rufus, programu ya Windows ya kuandalia flashi, bado inaweza kukutengenezea ila mimi sishauri, ni usumbufu.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Kwanza diski yenyewe. SSD ya nje ya GB 120 kwenda juu inatosha sana, Mint wenyewe wanasema kima cha chini ni GB 20 na wanashauri 100. Ukiwa na SSD ya laptopu iliyokufa usinunue nyingine, nunua kasha lake la USB tu, uitumbukize humo, ndio ninayotumia mimi. Hadi diski ya kuzunguka, yani ile yenye sahani inayozunguka ndani, nayo inakubali ila ni nzito kuwaka na ikianguka imeondoka na vitu vyako. Flashi inakubali pia lakini jamani, flashi inaandika vifaili vidogovidogo polepole mno, ukifungua brauza unaweza kwenda kubandika chai ukarudi bado inafikiria. Na zile flashi za TB 2 zinazouzwa bei ya sahani ya chipsi, Kariakoo au Luthuli utazikuta zimepangwa, hizo ni feki, ndani kuna GB chache tu alafu zimedanganywa zijitangaze kubwa. Kabla hujaamini kitu cha namna hiyo kipime na H2testw kwenye Windows, inakijaza chote alafu inasoma tena kuona kama vilivyoandikwa vipo kweli.

Pili flashi ya kawaida ya GB 8 kwa ajili ya kuinstolia. Hapa wengi wanachanganya: flashi hii ni ya fundi tu, kazi yake inaisha siku hiyohiyo. Diski ya kutembea nayo ni kitu kingine. Kwahiyo unahitaji vifaa viwili vya USB na poti mbili.

Tatu kompyuta ya 64-bit, RAM GB 4 angalau. Mac za chipu za M hazihusiki hapa, na Mac za Intel zenye chipu ya T2 zinakataa kuwakia kwenye diski ya nje mpaka ubadilishe mipangilio yake ya usalama, kwahiyo kwa kuanzia tafuta PC.

Nne bando. ISO, yani faili la kuinstolia Mint, ni karibu GB 3, alafu apdeti za baadaye, hivyo subiri bando la usiku au tafuta waifai ya mtu mwema.

Tano umeme. Laptopu iwe na chaji na iwe imechomekwa, usianze kazi hii betri ina asilimia 20 na mtaani kwenu umeme una tabia zake.

HATUA

1. Toa kila kitu kwenye diski ya nje. Itafutwa yote. Sio "labda", itafutwa.

2. Shusha ISO ya Mint kutoka linuxmint.com. Inakuja na desktopu tofauti: mashine nyingi chukua Cinnamon, ukijua utachomeka kwenye mashine dhaifu chukua Xfce. Ikishuka ihakiki kabla ya kuichoma, maana intaneti ikikatikakatika faili linaweza kuja pungufu alafu ukaja kulia mbele. Kwenye Windows fungua Command Prompt kwenye folda yenye faili uandike:

certutil -hashfile linuxmint-22-cinnamon-64bit.iso SHA256

Jina la faili weka la kwako. Linganisha ule mstari mrefu wa herufi na namba na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa kushushia, zikitofautiana hata herufi moja shusha upya.

3. Ichome kwenye ile flashi ya GB 8 kwa Rufus. Chagua flashi, chagua ISO, paweke GPT na UEFI (namna mashine za sasa zinavyogawa diski na kuwaka), bonyeza Start, ikiuliza namna ya kuandika kubali ile ya ISO. Wakati huu diski yako ya nje iwe imechomolewa, ili usije ukachagua isiyo yenyewe.

4. Iandae Windows ya hiyo mashine. Kama diski yake imefungwa na BitLocker, na Windows 11 nyingi zimefungwa bila mwenyewe kujua, basi kabla ya lolote tafuta ile rikavari kii (recovery key) yenye tarakimu 48, inakuwepo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Andika kwenye karatasi. Ukigusa Secure Boot (ulinzi unaokagua butiloda mashine ikiwaka) au mpangilio wa kuwaka Windows inaweza kuidai, na kama huna hapo umemfungia mtu vitu vyake vyote. Mashine ni ya ofisi na kii anayo mtu wa IT? Achana nayo, tafuta nyingine.

Alafu zima Windows kikamilifu: shikilia Shift huku unabonyeza Shut down. Bila hivyo Windows inakuwa imelala tu, haijazima.

5. Chomeka flashi, washa mashine huku unabonyezabonyeza kitufe cha menyu ya kuwakia. HP ni Esc alafu F9, Dell F12, Lenovo nyingi F12, Asus Esc kwenye laptopu au F8 kwenye desktopu, Acer F12 ila mara nyingine mpaka uiruhusu kwanza ndani ya BIOS, yani mipangilio ya mashine yenyewe. Laptopu zingine inabidi ushike na Fn. Chagua flashi, kwenye orodha chagua ile yenye neno UEFI kama ipo. Mint itawaka kutoka kwenye flashi, hapo hujagusa chochote bado.

6. Sasa chomeka diski yako ya nje, moja kwa moja kwenye poti ya mashine, sio kwenye habu (kigawanyio cha poti za USB). Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN

Utaona kitu kama hiki:

sda 14.5G usb
sdb 223.6G usb
nvme0n1 476.9G nvme

Safu ya mwisho ndio rafiki yako. Zilizoandikwa usb ni za nje, nvme au sata ni ya ndani. Hapo juu sda ni ile flashi ya kuinstolia (ya kwangu ni ya GB 16), sdb ndio SSD yangu ya GB 240, usishangae ukubwa kupungua, kompyuta na mwenye duka wanahesabu tofauti. Andika jina la diski yako kwenye karatasi. Mimi nitaendelea kusema sdb, ya kwako inaweza kuwa sdc au sda, USIKOPI JINA LANGU.

7. Ficha EFI ya ndani. Una njia mbili.

Kama ni desktopu, au laptopu unayoweza kuifungua bila kuogopa, izime, chomoa diski ya ndani, washa tena kutoka kwenye flashi. Hii ndio salama kuliko zote kwa sababu hata ukikosea hakuna cha kuharibu. BIOS za mashine kadhaa pia zinakuruhusu kuizima diski ya ndani humohumo bila bisibisi, angalia kwenye ya kwako.

Kama huwezi kuifungua, fungua GParted, programu ya kugawa diski, ipo tayari ndani ya Mint. Juu kulia chagua diski ya ndani. Utaona patisheni ndogo ya fat32, mara nyingi MB 100 au 260, na upande wa kulia imeandikwa boot, esp. Chukua simu piga picha hiyo skrini, utaihitaji. Bonyeza kulia kwenye hiyo patisheni, "Manage Flags", toa tiki kwenye esp, na boot itatoka nayo. Ikijiwekea msftdata yenyewe sawa tu. Funga. Hapo hujafuta kitu, umeitoa kibao cha mlangoni tu ili instola ipite bila kuiona. Usibonyeze Delete, usibonyeze Format, usiguse patisheni nyingine ya diski hiyo.

8. Gawa diski ya nje. Humohumo GParted badilisha juu kulia uende sdb, alafu menyu ya "Device", "Create Partition Table", chagua gpt. Itakuonya kwamba vitu vyote vitafutika, soma jina la diski kwenye hilo onyo kwa sauti kabla hujakubali, sitanii. Alafu tengeneza kwa mpangilio huu:

- ya kwanza MB 1, aina "unformatted"
- ya pili MB 512, fat32
- ya tatu GB 60 au zaidi, ext4
- iliyobaki iache wazi kwanza, tutaifanya ya mafaili

Bonyeza tiki ya kijani. Watu wanasahau hii tiki, GParted haifanyi lolote mpaka uibonyeze, inapanga foleni tu. Ikimaliza rudi kwenye "Manage Flags": patisheni ya kwanza weka bios_grub, ya pili weka esp. Ile ya MB 1 ni kwa ajili ya mashine za zamani zisizojua UEFI, inakula nafasi ya picha moja ya simu kwahiyo iweke tu hata kama huoni utaitumia wapi.

9. Piga mfumo sasa. Bonyeza mara mbili "Install Linux Mint". Lugha, kibodi English US, sawa. Ikikuuliza kuhusu kodeki za muziki na video na Secure Boot imewashwa, usitike, itaanza kukudai paswedi nyingine za ajabu, utaziweka baadaye. Ikikwambia kuna diski zina patisheni zinazotumika na kuuliza izitoe, angalia imetaja ipi: kama ni ile flashi jibu hapana, kama ni sdb jibu ndiyo.

Ukifika kwenye aina ya kuinstoli usichague "Erase disk". Chagua "Something else". Kwenye orodha:

- sdb3, ile ya ext4: bonyeza mara mbili, "Use as" iwe Ext4, tika format, "Mount point" iwe /
- sdb2: hakikisha imeandikwa efi, kama haijaandikwa iweke mwenyewe "EFI System Partition"
- sdb1 iache

Chini kabisa pana sehemu ya kuchagua diski ya butiloda, weka sdb. Ndio, nimesema haisikii, iweke hivyohivyo.

Ukibonyeza "Install Now" inakuletea kisanduku kinachotaja patisheni zitakazofomatiwa. Kisome. Kama humo kuna neno nvme0n1 au diski nyingine isiyo yako rudi nyuma. Ikiwa sawa endelea, chagua Dar es Salaam au Nairobi kwenye ramani, weka jina na paswedi. Paswedi iwe ya kweli maana hii diski siku moja utaisahau kwenye daladala. SSD inachukua kama dakika 15, flashi nenda kale.

10. Ikimaliza bonyeza "Continue Testing", USIRISTATI. Wengi wanaristati hapa kwa furaha. Kwanza hakiki butiloda imeenda wapi:

sudo mount /dev/sdb2 /mnt
ls /mnt/EFI

Ukiona folda ya ubuntu, na mara nyingi BOOT pembeni yake, umefaulu. Ndio, imeandikwa ubuntu japo ni Mint, Mint imejengwa juu ya Ubuntu na haikubadilisha jina hilo. Ikiwa folda ya EFI haipo kabisa basi butiloda imekwenda kwingine, rudia hatua ya 7 na 9.

Sasa, kama hatua ya 7 ulitoa tiki, rudi GParted, diski ya ndani, ile patisheni ndogo, "Manage Flags", tika esp. Linganisha na ile picha uliyopiga. Hii nayo usiisahau, mashine zingine zinaweza kuwaka bila hiyo alama zingine zikagoma, na hutaki kujua ya mwenzako iko kundi gani.

11. Zima, chomoa flashi, acha diski ya nje, washa kwa menyu ileile ya hatua ya 5. Chagua diski yako, itakuwa na jina lake au imeandikwa ubuntu. Ikiwaka uko ndani ya mfumo wako.

12. Ifanye iwake popote. Hapa ndio tofauti ya diski inayowaka kwenye mashine iliyozaliwa tu na diski ya kutembea nayo. Kwanza angalia:

findmnt /boot/efi

Lazima ikuoneshe patisheni ya diski yako ya nje, sio nvme. Alafu:

sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable --no-nvram

Hilo neno removable ndio linaiweka butiloda kwenye jina la EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, ambalo kompyuta yoyote ya UEFI inalitafuta yenyewe hata kama haijawahi kuiona diski yako. Na no-nvram inaizuia isiandike chochote kwenye kumbukumbu ya mashine ya watu.

Kwa mashine za zamani ongeza:

sudo apt install grub-pc-bin
sudo grub-install --target=i386-pc /dev/sdb

Hapa piga lsblk upya kabla ya Enter, maana flashi haipo tena na diski yako inaweza kuwa imegeuka sda. Hii amri ya mwisho inaandika kwenye diski uliyoitaja bila kukuuliza mara mbili.

13. Mambo madogo. Fungua programu ya Disks, ile nafasi iliyobaki ifomati exFAT, Windows nayo itaiona na utaitumia kubebea mafaili kama flashi ya kawaida. Ukiichomeka kwenye Windows ikatokea ujumbe kwamba diski inabidi ifomatiwe kwanza, kataa, ni kwa sababu Windows haijui kusoma ext4. Draiva ya Nvidia usiinstoli hata kama Mint inakushawishi, ile draiva inafunga ndoa na mashine moja na wewe unatembea. Na kila ukimaliza kazi zima kabisa kabla ya kuchomoa, usitumie kulaza: ukiilaza hapa ukaichomoa ukaiwasha kwingine umejitafutia.

IKIGOMA

Skrini inaonesha grub> kwenye kompyuta ya mtu baada ya kuondoka na diski yako. Uliruka hatua ya 7. Mwambie aandike exit na Enter, mara nyingi Windows inawaka. Kumaliza kabisa, aingie BIOS aweke "Windows Boot Manager" iwe ya kwanza. Ukitaka kulifuta na neno ubuntu kwenye menyu yake, washa Linux yako kwenye mashine yake uandike sudo efibootmgr, tafuta namba ya ubuntu, tuseme ni 0003, alafu sudo efibootmgr -b 0003 -B. Namba iangalie mara mbili, ukifuta ya Windows utarudi kuniita.

Diski haionekani kwenye menyu ya kuwakia. Badilisha poti, toa habu, ingia BIOS uzime "Fast Boot". Hadi diski za kuzunguka zinakula umeme mwingi na poti za laptopu zilizochoka zinashindwa kuzisukuma.

"Verifying shim SBAT data failed". Ilianza kusumbua watu Agosti 2024 baada ya apdeti moja ya Windows, inatokea ukitumia ISO ya zamani Secure Boot ikiwa imewashwa. Shusha ISO mpya. Au zima Secure Boot, ila kumbuka zile tarakimu 48.

Inaishia kwenye neno (initramfs). Soma mistari ya juu yake, ikisema RUN fsck MANUALLY imekutajia na patisheni, andika fsck -y /dev/sdb3 au jina iliyokutajia, ikimaliza andika reboot. Hii inatokana na kuchomoa kabla haijazima. Ikitokea mara kwa mara bila wewe kuchomoa, badilisha kebo kwanza kabla hujalaumu diski, kebo ndio zinakufa sana.

Skrini nyeusi kwenye mashine yenye Nvidia. Wakati inawaka gusa Esc upate menyu ya GRUB, bonyeza e, tafuta mstari wenye quiet splash, mbele yake ongeza nomodeset, bonyeza F10.

Nzito sana. Andika lsusb -t. Diski yako ikiwa na 5000M au zaidi uko vizuri, ikiwa na 480M umechomeka poti ya USB 2, au kebo uliyotumia ni ya kuchajia simu. Tafuta poti yenye plastiki ya bluu ndani.

Waifai haipo. Mashine zenye waifai ya Broadcom zinafanya hivyo. Chomeka simu kwa waya, washa USB tethering, nenda "Driver Manager" ushushe draiva yake.

Saa ya Windows imerudi nyuma masaa matatu. Ni saa nne asubuhi Windows inakwambia saa moja. Sio virusi, Linux inaiweka saa ya mashine kwa UTC na sisi huku tuko mbele kwa masaa matatu, Windows inaisoma kama ya hapahapa. Ndani ya Linux yako andika mara moja tu:

timedatectl set-local-rtc 1

alafu kwenye Windows nenda kwenye mipangilio ya saa ubonyeze "Sync now". Dada yangu alichelewa kikao cha pili kwa sababu ya hii.